Ndimu Juu ya Maporomoko

Mimi nna kiherehere cha usafi, mtaa mzima unalijua hilo. Jirani yangu hapa Mji Mkongwe, bibi mmoja wa Kihindi, alipokwenda Dar kufanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho, ufunguo wa nyumba aliniachia mimi. Kazi yangu ilikuwa kufungua madirisha, nyumba isinuke uvundo. Basi.

Ukumbini kwake kuna picha ya rangi za mafuta, ya karne ya kumi na tisa, babu wa mumewe aliipata mnadani: maporomoko ya maji yanaanguka mbele ya pango. Kisiwani kwetu mapango yapo, maporomoko hatuna, na yeye tangu aletwe nyumba ile akiwa bibi harusi alikuwa akiyatazama maji hayo. Miaka ya moshi wa udi iliipaka picha weusi, na ukungu wa macho ukamalizia. "Nikirudi," aliniambia, "kitu cha mwanzo nataka kuyaona maji yangu."

Sikukuu ilikuwa imekaribia. Nilikuwa nshasugua shaba zangu zote kwa ndimu na majivu, zinang'aa, sifa zimenipanda kichwani. Nikasema ngoja nimfurahishe bi mkubwa. Nikapanda juu ya kiti mbele ya picha yake, na ndimu zangu na majivu. Weusi ulitoka, wallahi, ndiyo nikazidi kusugua. Nilipokuja kufuta, maji yote yalikuwa kwenye kitambaa. Pango lilibaki, na mbele yake turubai tupu.

Aliporudi nilikwenda kumwamkia, maneno nimeyapanga tangu asubuhi.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba." Hakunigeukia. Alikuwa amesimama mbele ya picha, ameliziba kwa kiganja jicho lisilotibiwa. "Pango naliona," alisema. "Maji siyaoni. Mwanangu, operesheni haikushika." Akaanza kulia.

Maneno niliyoyapanga yakanipotea, nikamwambia tu kama yalivyokuwa: ndimu, majivu, kitambaa. Uso sikuwa na pa kuutia.

Akanishika mkono. "Kwa hivyo jicho langu zima?"

"Zima, bi mkubwa."

Akacheka, akamshukuru Mungu, akanibusu kiganja. Heri angenitukana. Kisha akaigeukia picha tena, na nikamwona anavyoacha kucheka.