Mama Pude na Ngoma za Thierry

Funguo za ukumbi wa mtaa, pale Kavimvira, karibu na mpaka wa Burundi, zilikaa shingoni mwa Pudentienne tangu bwana yake alipofariki na kumwachia kazi hiyo. Watu walimwita Mama Pude. Alifagia, alipanga viti, alifungua na kufunga, na hakuna aliyepita mlangoni pake bila kumwamkia, hata angekuwa mkubwa namna gani.

Kitu kimoja tu kilimkera: muziki wa Thierry.

Thierry, mjukuu wa dada yake, alirudi kutoka masomoni Bujumbura na mashine ya kuonyesha picha ukutani, pamoja na filamu za kuchekesha za zamani, zile ambazo watu wake hawatoi sauti. Mama Pude alizijua. Alipokuwa msichana, padri mmoja alizionyesha juu ya shuka, na kilichosikika ni mashine kunguruma na watoto kucheka. Lakini Thierry alizivalisha muziki wa rock: gitaa zinazolia kama msumeno juu ya bati, na ngoma zinazopigwa utadhani mpigaji ana kisasi nazo.

"Weye unaita hii muziki?" Mama Pude alimwuliza. "Hawa ni watu wanabomoa nyumba."

"Koko," Thierry alimjibu bibi yake, "bila ngoma vijana watasinzia."

Ngoma hizo zilileta balaa Jumapili ya kwanza kabisa. Zilipoanza, watu walidhani ni bunduki. Masikio ya Kavimvira yamefundishwa na vita. Wote walirukia mlango, na ukumbi una mlango mmoja, tena mwembamba. Msichana mmoja, Bella, alikanyagwa akavunjika mkono. Tangu hapo Thierry hakuwasha mashine kabla ya kusimama mbele na kusema, "Mukisikia pu-pu-pu, musikimbie. Ni filme." Watu wakazoea. Mtoto akishtuka, mama yake humwambia, "Tulia, ni filme."

Ndivyo ilivyokuwa ile Jumapili nyingine, mchana, ukumbi umejaa hadi watoto wamekaa chini. Ukutani mwanamume mwembamba alikuwa anapeleka bata arusini, na bata hataki. Mama Pude alisimama nje akikwepa kelele. Hapo akaona wanawake wanakimbia kutoka upande wa mpaka, kanga zimekunjwa hadi magotini. Nyuma yao, pu-pu-pu.

Hiyo haikuwa filamu.

Aliingia ndani, akafunga mlango, akaugeuzia mgongo. Ndani watu walicheka. Bata alikuwa amepanda juu ya kofia ya polisi. Mama Pude alitazama vile vichwa vidogo vilivyopangana chini, akaukumbuka mkono wa Bella. Kuta za ukumbi ni za mawe, za wakati wa Wabelgiji. Njia ya nje haina hata mti. Wakijua, watauana wenyewe kwa wenyewe hapa mlangoni, na watakaopita watakutana na risasi. Lakini kama wenye bunduki wakija hadi hapa, nani atakayeambiwa kwamba aliwafungia watu hawa humu? Ni yeye.

Alipenya kando ya ukuta hadi kwa Thierry.

"Ongeza sauti."

"Koko? Weye mwenyewe ulisema..."

"Ongeza, nakuambia!"

Thierry alimtazama usoni. Akazungusha kitufe hadi mwisho, na viti vikatetemeka.

Aliporudi mlangoni alimkuta Fanny amesimama pale na mtoto mgongoni. Bwana yake Fanny, Libérat, anabadilisha pesa palepale mpakani.

"Mama Pude, nifungulie. Kichwa kinaniuma na hizi kelele."

"Kaa."

"Nikae namna gani? Miye ni kuku yako, unanifungia?"

"Kaa, mwanangu. Filme haijaisha."

"Nimeona bata inatosha! Fungua!"

Mama Pude alishika funguo kwa mikono miwili. Fanny alimtukana, watu wa nyuma wakageuka, mmoja akasema, "Mwachie mama muzee, weye, unatuharibia filme!" Fanny akakaa, machozi ya hasira machoni.

Filamu ikaisha. Thierry akatazama mlangoni. Mama Pude akamzungushia kidole: rudia. Watu wakanung'unika, "Hii tumeshaona!" Lakini bata alipopanda kofia ya polisi wakacheka palepale walipocheka mwanzo, na Mama Pude, sikio limegandamana na mbao za mlango, alihesabu ukimya wa nje kati ya ngoma moja na nyingine, hadi ukimya ukawa mrefu.

Alifungua. Aliwatoa kiti kwa kiti, wenye watoto kwanza. Njiani hapakuwa na mtu, viatu tu vimetawanyika. Fanny alivitazama, kisha akamtazama yeye.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Bwana yangu iko kule!"

"Nilijua na hilo."

Fanny alikimbia. Libérat alipatikana mzima, amelala mtaroni, kiatu kimoja mguuni. Lakini Fanny hakumwamkia Mama Pude sokoni, wala kanisani. Mama Pude hakumwomba radhi.

Jumapili walipofungua tena, Thierry, kwa kumheshimu koko yake, alionyesha bila muziki. Bata alipanda kofia, na hakuna aliyecheka. Ukumbi mzima ulikuwa unasikiliza nje. Karibu na mlango, ubavuni kwa Mama Pude kabisa, Fanny alikuwa amekaa na mtoto wake, shingo ngumu, bila salamu.

Mama Pude alivumilia kidogo. Kisha akapaza sauti:

"Thierry! Weka hao wabomoaji wako!"