Betri Haisafiri Imeshiba

Saa tatu asubuhi, kwenye chumba cha ghorofa ya nne kando ya Huanshi Zhonglu, Guangzhou, kompyuta mpakato zimejaa mezani zikionyesha mechi moja ya mpira, bila sauti. Hakuna anayetazama. Albina Katunzi anapita katikati yake, anazigusa tumboni kwa kiganja kama mama anayepima homa.

"Napunguza chaji," anasema. "Zikifika nusu nazizima, nafunga boksi."

Mwanamke huyu wa Bukoba hukagua kompyuta za mitumba zinazonunuliwa na wafanyabiashara wa Tanzania na Kenya. Kila moja humwingizia yuan kumi na tano. Alikuja Guangzhou kununua nguo kwenye soko la jumla la Shahe, mtaji ukakata, akaomba kazi kwa fundi mmoja Mchina. Alianza kwa kufagia, akaishia kushika bisibisi.

Leo mteja wake mkubwa, Kiplagat wa Nairobi, ameingia na toroli la kompyuta na haraka zake.

"Madam, hizi ziko full. Laoban, yule boss Mchina aliyeniuzia, amezichaji usiku kucha. Container inafungwa saa kumi, wewe pack tu."

"Sifungi, kaka Kiplagat. Niachie mpaka kesho nizishushe."

"Na customer akibonyeza ikatae kuwaka? Si ataniambia nimemuuzia chuma?"

"Nusu itawaka. Ila ikikaa imejaa wiki tano kwenye kontena lenye joto, hiyo ndiyo itakayokuaibisha."

Albina anavuta kompyuta moja kutoka chini ya meza. Akiiweka juu ya kioo cha meza, inayumba, haitaki kutulia. Betri imevimba, imeinua kibodi na kupasua kibao cha kutelezesha kidole.

Hiyo aliirudisha Theophil, mfanyabiashara wa Mwanza, mwaka jana. Albina alikagua kompyuta zake zote zikiwa nzima, Theophil akaenda kuzichaji hotelini hadi pomoni, akazifunga kwenye boksi zenye jina la Albina. Mzigo ulipofika umeharibika, lawama hazikumtafuta Theophil.

"Nililia, sikufichi. Watu niliokula nao walikuwa wakiniona wanavuka barabara. Tangu hapo nafunga kwa mkono wangu."

Hata kuitoa betri iliyovimba ana masharti yake. Kwanza anachomoa waya wake kwenye mazabodi, ubao mkuu wa kompyuta, kisha anaitenga taratibu kwa kadi ya plastiki. Anayeichokoa kwa bisibisi anaweza kuitoboa, na ikitoboka huwaka moto.

Kiplagat anaitazama ile kompyuta, anatazama saa. Saa inashinda.

"Wako wengine watanifungia."

"Wapo. Lakini boksi zenye jina langu niachie."

Mwanamume anasukuma toroli kwa kishindo hadi kwenye lifti. Hakuna anayehitaji kumwambia Albina kilichoondoka: huyo ndiye anayemlipia sehemu kubwa ya kodi ya chumba. Anaketi, anavua miwani, anaifuta muda mrefu kuliko inavyohitaji.

"Heri lawama kuliko fedheha," anasema, kisha anarudi kwenye kompyuta zake.

Jua limekwisha kupinda toroli linaporudi. Safari hii halina kishindo.

"Nimepigia Hannah, yule wa duka kule Nairobi," Kiplagat anasema, macho sakafuni. "Swali la kwanza: zimefungwa na Albina? Nikamwambia hapana. Akasema basi nitafute mtu mwingine wa kumuuzia."

"Na kontena?"

"Iende. Nitapata ya wiki ijayo. Nusu ni nusu kabisa, ama kuna kuongeza kidogo?"

Albina anacheka mpaka anashika meza. Anampa kitambaa, anamwonyesha pa kuanzia kufuta vumbi, na yule mteja mkubwa anafuta.

Mpango wa Albina ni kurudi Bukoba mwakani afungue karakana, apokee mizigo inayotoka huku, aifungue mbele ya mwenye nayo na kuwafundisha mafundi wa huko. Wanaomshauri asithubutu ni wengi. Wanamwambia akae Uchina, lawama zimkute mbali.

"Ndiyo maana narudi," anasema huku akizima kompyuta iliyofika nusu. "Nataka mtu akiwa na neno na kazi yangu, anikute nimekaa, aniambie usoni."