Miaka Ishirini na Saba ya Kuchechemea

Fundi viatu alikuwa na kibanda kilichoegemea ukuta wa ukumbi wa dansi, karibu kiasi kwamba bendi ikianza kupiga, misumari ilicheza ndani ya kopo lake. Ukimpelekea kiatu hakukuuliza jina. Alikigeuza chini juu, akapitisha kidole gumba kwenye soli, kisha akakwambia ulichocheza Jumamosi.

"Wewe ni mtu wa walzi," alimwambia karani mmoja wa posta. "Soli imelika mbele, laini, kama imepigwa randa. Wewe hutembei, unateleza."

Karani, ambaye mkewe aliamini kwamba Jumamosi mumewe huenda kumwangalia shangazi mgonjwa, alichukua kiatu chake akaondoka bila kusubiri kipigwe rangi.

Hivyo ndivyo fundi alivyozijua enzi zote za dansi, kwa kuzisoma chini. Wakati wa walzi soli zilikwisha mbele. Ikaja rumba, zikaanza kulika ukingo wa ndani, kwa sababu mtu wa rumba hana safari, anasugua palepale alipo. Cha-cha ilimaliza visigino. Tuisti ndiyo iliyomchosha: kila kiatu kilikuja na tundu la duara chini ya dole gumba, kana kwamba mji mzima ulikuwa unazima sigara kwa miguu. Halafu wakaja vijana wa raba, wanaojizungusha sakafuni kama pia. Hao viatu vyao viliharibika ubavuni, na wengine ilifaa wampelekee vichwa. Mimi ninayesimulia, kabla magoti hayajanigomea, nilimpelekea jozi tatu kwa mwaka, na aliyewahi kuniona ukumbini hawezi kunisahau hata akijaribu. Lakini yangu tuyaache.

Watu walipiga hesabu yao: mtu anayejua miguu ya wenzake namna hii, ya kwake ilikuwaje ujanani? Wakamuuliza. Fundi alifuta mikono kwenye aproni, akatazama mbali, akasema, "Enzi zile." Hakuongeza neno, na wala hakuwa na haja. Watu wenyewe walimjazia.

Ukweli ni kwamba hakuwahi kucheza hata wimbo mmoja. Alijaribu mara moja, akiwa na miaka kumi na tisa, msichana mmoja alipomvuta mkono akamwingiza katikati. Miguu ikakataa. Alisimama kama mtu aliyekanyaga lami mbichi, na wenzake wakacheka mpaka wimbo ukaisha. Tangu siku hiyo alisikiliza muziki kutoka upande wake wa ukuta.

Kisha akaoa. Na kati ya wanawake wote akamwoa fundi cherehani, mtu ambaye akiingia ukumbini wengine walisogea kumpisha. Asubuhi ya harusi fundi alimtazama bibi harusi akijaribu viatu vyake vyekundu, akizunguka chumbani kwa furaha, na jasho likamtoka. Ilipofika zamu ya maharusi kufungua dansi, aliinama akashika kifundo cha mguu wa kushoto. Amejikwaa ngazini, alisema. Umeteguka. Bibi harusi akacheza wimbo mmoja na kaka yake, akarudi akakaa kando ya mumewe, akamwekea mguu juu ya kiti.

Mguu ule haukupona tena. Ungeponaje, na harusi za watu haziishi? Mwaka mmoja ukawa miwili, na kila alipokuwa mbele za watu fundi alichechemea. Binti yao, tangu akiwa mdogo, alikuwa akimchotea baba beseni la maji ya moto jioni, na baba alitumbukiza mguu mzima kabisa ndani yake na kusema, "Ahsante mama, sasa naskia nafuu."

Binti huyo sasa ni muuguzi, na ndiye aliyefika kibandani Jumanne moja na boksi kuukuu mkononi. Ilikuwa imebaki siku nne aolewe.

"Baba, gundi ya viatu vya mama imekauka. Nataka avivae siku yangu."

"Viweke hapo."

"Na wewe ujiandae. Wimbo mmoja tu na mimi. Mguu ukikusumbua nitakubeba."

"Unibebe mimi?"

"Wodini nanyanyua wazito kukushinda, tena wanaopiga kelele."

Alipoondoka, fundi alifungua boksi. Vilikuwa vile viatu vyekundu. Akakigeuza kimoja bila kufikiri, kama anavyogeuza vyote, na mkono ukakwama.

Soli ilikuwa mpya. Ngozi ilikuwa na rangi yake ya dukani, isipokuwa mkwaruzo mdogo karibu na ncha, alama ya wimbo mmoja. Miaka ishirini na saba na wimbo mmoja. Alishika kile kiatu huku masikio yakimchoma kama aliyepigwa kibao. Zile harusi zote mkewe alikaa kando yake. Watu walikuja kumwomba wacheze na akasema, "Hapana, nimekaa na mume wangu, mguu unamsumbua." Na yeye fundi alikaa hapohapo, amenyoosha mguu, akinywa soda.

Alifunga kibanda saa tisa alasiri, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alimkuta mkewe kwenye cherehani, akipinda upindo wa gauni la binti.

"Mama watoto."

"Mm."

"Huu mguu wangu."

"Wa kushoto au wa kulia?" Mkewe hakuinua kichwa.

"Wa kushoto."

"Nauliza tu. Mwaka ule tulipohama ulichechemea wa kulia wiki nzima."

Fundi akatafuta pa kuweka mikono. Mkewe alikata uzi kwa meno, akainuka, akaenda mlangoni, akarudi na viatu vya mumewe vya kutokea. Akavigeuza mezani, kando ya gauni.

"Nafagia pale mlangoni kila siku na kuvisogeza hivi," alisema. "Tazama. Kushoto na kulia vimelika sawa. Mtu anayechechemea kiatu chake hakiwi hivi. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha."

Fundi alizitazama soli zake. Kwa kiatu cha mteja angeligundua hilo kabla mteja hajaketi. Msasa ulikuwa mezani kwake miaka yote, na haikumjia hata mara moja kuupitisha kwenye kiatu chake cha kulia ili kionekane kimelika zaidi.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Nilikuona unavyojitahidi." Alivirudisha viatu chini. "Mwanzoni nilidhani unaona haya kuonekana na mimi. Baadaye nikaona ni woga tu. Nikasema ngoja, utakwisha."

"Ulikuwa unapenda sana kucheza."

"Nilikuwa."

Hakulisema kwa hasira, na hilo ndilo lililomuuma fundi. Usiku ule na siku tatu zilizofuata alitembea nyumbani akikwepa kumtazama usoni, tena bila kuchechemea.

Jumamosi mchana ukumbi ulijaa. Wimbo wa bibi harusi na baba yake ulipotangazwa, fundi alisimama, akavuka sakafu nzima kwa miguu miwili mizima. Seremala, jirani wa kibanda chake, mtu asiyejua kunong'ona, alikuwa meza ya mbele.

"We fundi, mguu umepona lini?"

Meza zote zikageuka. Angeweza kusema amepata daktari mpya. Neno lilikuwa tayari mdomoni.

"Haukuwahi kuumwa," alisema. "Nilidanganya. Sijui kucheza, sikuwahi kujua."

Kicheko kikaanzia meza ya seremala kikazunguka ukumbi mzima, kilekile alichochekwa akiwa na miaka kumi na tisa. Binti alikuwa bado hajacheka.

"Maji ya moto yote yale, baba?"

"Yote."

Alimtazama kidogo, halafu akampa mkono. Walikwenda huku na huku kama watu wanaohamisha kabati. Wimbo ulipokwisha fundi hakurudi kukaa. Alikwenda kwa mkewe, akasimama mbele yake mikono ikining'inia, na mkewe akainuka na viatu vyake vyekundu.

"Usitazame chini," alimwambia.

"Nimezoea kutazama chini."

"Najua. Leo acha."

Akaacha, na hapohapo akamkanyaga.

Jumatatu vile viatu vilirudi kibandani; mkewe alivitaka tayari kabla ya Jumamosi nyingine. Soli zilikuwa zimeanza kulika ukingo wa ndani, vizuri kabisa, soli za mtu wa rumba. Lakini juu, kwenye vidole, palikuwa na alama nyeusi ya kisigino chake mwenyewe, na ile hakuhitaji kugeuza kiatu ili kuisoma.

Seremala alipita nje akichechemea mguu wa kushoto, mkono kiunoni.

"Fundi, maji ya moto yapo?"

Fundi hakuinua kichwa. Masikio yalimchoma tena. Alichovya kitambaa kwenye rangi nyekundu, akaanza kusugua.