Aliyezima Pampu ya Dawa

Mwezi uliopita tulikwenda watatu kwenye ofisi ya mradi wa maji kule Nduruma, kulalamika kwamba maji yananuka dawa. Fundi, mzee mpole, alifungua kibanda akatuonyesha pampu ndogo inayodondoshea klorini kwenye bomba.

"Hii ndiyo inaua vijidudu, wanangu."

"Mzee, zima hata wiki moja," nikamwambia. "Tumekulia maji ya mfereji na hatujafa."

Alisita, akafuta mikono kwenye suruali, akazima.

Wiki haikuisha, zahanati ikajaa watu wanaoharisha. Jirani yangu, mama mjamzito, alilazwa siku nne na dripu mkononi.

Kwenye mkutano wa kijiji, mwenyekiti aliuliza nani alizima pampu. Mzee akavua kofia.

"Ni mimi."

"Nani alikutuma?"

Akatutazama sisi watatu, mmoja mmoja. "Ufunguo ninao mimi," akasema.

Aliachishwa kazi palepale. Nami, ninayejifanya msemaji wa wananchi kila wiki kwenye safu hii, sikufungua mdomo.

Juzi nilikwenda kwake kumwomba radhi. Aliniuliza jambo moja tu: "Yule mama ameshapona?"