Kanda Pekee ya Mjomba

Wiki iliyopita nilienda Kariakoo kununua vitambaa, miguu ikanipeleka mtaa tuliokuwa tunakaa. Nyumba ya bibi haipo. Pamesimama ghorofa la maduka ya simu, na kijana wa mlangoni akaniambia, "Karibu mama, chaja zipo." Nilitaka kumwambia hapo aliposimama palikuwa chumba cha mjomba wangu. Nikaona aibu, nikaondoka.

Mjomba, mwenzangu, alipiga gitaa la umeme wakati watu wazima bado wanaliita la wahuni. Vijana walivuka Mnazi Mmoja kwa miguu, suruali zimewabana, kwenda kumwona akipiga roki goti moja chini. Mimi sikuwahi. Nilimkuta fundi redio, gitaa alishaliuza zamani. Kilichobaki ni kanda moja, upande mmoja, nyimbo nne na sauti yake. Vile vijipande vya plastiki vya ukingoni mwa kanda alivivunja mwenyewe ili mtu asije akarekodi juu yake. Kila Jumapili aliiweka redioni mara moja tu, na bibi, pamoja na kulalamika kwake kote, aliacha kukuna nazi mpaka kanda iishe.

Siku dada yangu anaolewa, kanda tupu hazikupatikana duka lolote, na mimi nimetumwa nirekodi shangazi zangu wakiimba. Nilikuwa na miaka kumi. Nikachukua ile ya mjomba. Nikaziba matundu ya vile vijipande kwa karatasi, kama nilivyomwona mjomba akifanya kwenye kanda za wateja, nikageuza upande nilioamini ni mtupu, nikabonyeza.

Jumapili iliyofuata mjomba aliiweka, vikatoka vigelegele. Akageuza, kimya. Akasikiliza pande zote mbili hadi mwisho, mkono juu ya redio.

"Nani kaigusa?" bibi akauliza. Nikaanza kulia.

"Mwache, mama," mjomba akasema. "Mtoto huyo."

Afadhali angenichapa. Miaka yote iliyofuata, wazee waliomkumbuka wakija kuomba wasikie, aliwajibu, "Aa, kibaka kapita nayo," huku mimi nawamiminia chai. Tumemzika sijamwomba msamaha, na hilo linaniuma mpaka leo.

Wazee wale nao wamekwisha. Hakuna tena anayeijua sauti yake ilivyokuwa akiimba. Mimi mwenyewe nikikaa nijaribu kuikumbuka, nawasikia shangazi zangu.