Vita vya Magunia ya Mahindi

Wiki nzima usingizi ulinikataa. Nilikuwa nimepata nafasi ya kujitolea kufundisha historia sekondari moja huko Kasokola, darasa moja lenye wanafunzi zaidi ya mia. Nikikosea mbele yao? Wakinicheka? Wakiniuliza nisichokijua? Katikati ya maswali hayo nikaikumbuka ile picha ya vita.

Enzi zetu pale Ilembo, runinga moja ilitosha mtaa mzima. Nyie wa rika langu mnakikumbuka kibanda umiza, tulikokwenda kutazama picha: harufu ya petroli ya jenereta, karanga za kukaanga, tumebanana kwenye mabenchi mpaka miguu inakufa ganzi. Kaka Deo, mwenye kibanda, ndiye aliyetutafsiria, kipaza sauti mkononi. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza.

Picha yenyewe ilihusu askari wachache wa kikoloni waliozingirwa na maelfu ya wenyeji wenye mikuki. Askari wakajenga ukuta haraka haraka, tena kwa magunia ya mahindi! Kibanda kikalipuka kwa kelele.

"Mahindi ya nani hayo?" akafoka mzee mmoja, mkulima kutoka kijiji cha Mamba.

Kaka Deo hakusita. "Ya wenyeji, baba! Wamekuja kudai gunia zao!"

Basi tukawashangilia wenye mikuki mpaka sauti zikakauka. Walipoondoka bila hata debe moja, tulinuna kama tulioibiwa sisi. Kesho yake tukapanga magunia ya baba uani, tukapigana kwa mabua. Mama akatoka na mwiko: "Nyie! Hayo mahindi mtayala au mtayapigania?"

Nilipokuwa chuo niliitazama tena ile picha. Hakuna aliyedai mahindi. Nilicheka peke yangu, kisha nikamshukuru Kaka Deo kimoyomoyo. Watoto wa siku hizi kila mmoja na simu yake, tafsiri sahihi kabisa chini ya picha, na hakuna wa kubishana naye. Sisi tulikuwa na sauti moja yenye makosa, na kibanda kizima cha kuijibu.

Niliwahi kumuuliza Kaka Deo kama haogopi kukosea. "Mdogo wangu, picha ikianza haimsubiri mtu. Wewe sema, watu watakusaidia."

Jumatatu nikapanda bodaboda hadi Kasokola. Darasa zima likanigeukia, nami sina hata gunia moja la kujificha nyuma yake. Nikaanza kusema.

"Mwalimu, hatusikii!" mmoja akaita kutoka nyuma.

Nikapandisha sauti.