Haraka ya Katekista Antipasi

Katekista Antipasi wa Mungaa alikuwa na haraka ya ajabu kanisani. Padri alifika mara moja kwa mwezi. Jumapili nyingine zote ibada ilikuwa mikononi mwake. Akishasema, "Ndugu, tunyamaze tukumbuke dhambi zetu," hujavuta hata pumzi, tayari ameanza sala ya kuungama kwa sauti. Watoto walicheka. Wakubwa walisema mwalimu wao wa dini anawahi pombe. Masikini, laiti wangejua!

Kimya kilimtesa. Akifumba macho tu, anajiona juu ya paa la udongo la tembe la mama Febronia. Ilikuwa mwaka wa sabini na nne, amri imetoka watu wahamie kijijini, na mjane yule amekataa katakata kuliacha kaburi la mumewe. Siku alipokwenda kisimani, mgambo wakamkabidhi Antipasi jembe.

"Panda wewe, mtu wa Mungu, watu waone mfano."

Akapanda, kwa woga tu. Akaufukua udongo wa paa, boriti zikaporomokea ndani, juu ya vihenge vya mtama. Mama aliporudi, mgambo wameshaondoka, Antipasi akamwambia, "Pole, mama. Mgambo hawa hawana huruma!"

Uongo mtupu, na msalaba shingoni.

Febronia akahamia kijijini, nyumba ya tatu kutoka kwake, na kila akikamua humpelekea maziwa. Yalimkwama kooni. Antipasi alifunga, akasali rozari tatu kwa siku, akaenda kukaa peke yake kwenye majabali ili atulie mbele za Mungu. Wapi! Mdomo ulisali, roho ikamsuta.

Jumapili moja, alipoanza mbio zake za kawaida, Febronia akasema kutoka benchi la mbele, "Mwanangu, mbona unatukimbiza? Hebu tunyamaze kidogo."

Kanisa zima likanyamaza. Antipasi akafumba macho, akajiona tena juu ya tembe.

"Ni mimi," akasema. "Mama, tembe lako nilibomoa mimi. Si mgambo."

Watu wakaguna. Febronia hata hakugeuka kuwatazama.

"Najua. Siku ile ulikuja kunipa pole, udongo umekujaa kwenye nywele." Akajifuta macho kwa khanga. "Mwaka mzima nakuletea maziwa, nangoja useme. Nimekuchukia mpaka nimechoka, Antipasi. Haya, piga magoti. Hata mimi tangu siku ile sijaweza kusali."